Wageni Kutoka Kyela

Juzi nilikuwa sokoni Embu, mjini ninakofanya kazi siku hizi, nikitafuta mchele. Kwa kawaida nanunua pishori ya Mwea, maana iko karibu na ni tamu. Lakini mama anayeniuzia alifungua gunia jingine akaniambia, "Hii imetoka Tanzania. Nusa." Nikainama, nikanusa. Nilipoinua kichwa machozi yalikuwa yameshafika mashavuni, na yule mama akadhani ni vumbi la gunia, akaanza kuniomba msamaha. Sikumweleza. Ningeanzia wapi? Ulikuwa mchele wa Kyela, na kwangu mimi harufu ya mchele wa Kyela ni harufu ya wageni.

Sisi wenyewe tulikuwa wageni. Baba na Mama walitoka Tanzania, kusini kabisa, upande wa Mbeya. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, na kazi hiyo ndiyo iliyotuleta Kanyakine, Meru, hapa Kenya, kabla mimi sijapata akili ya kukumbuka. Kwao Baba ni Tukuyu, kwenye chai na migomba na mvua isiyokwisha, kwa hiyo Meru haikumshangaza. Alizoea kusema kwamba ni mlima tu uliobadilishwa jina. Mama kwao ni Kyela, chini kwenye joto, karibu na Ziwa Nyasa. Baridi ya Kanyakine hakuizoea kamwe. Alivaa sweta mbili, na juu ya sweta akajifunga khanga.

Tulipanga nyumba ya mbao katika shamba la Mama Kawira, mama mnene mcheshi aliyekuwa na kahawa, migomba na ng'ombe wawili. Mama alijua Kimeru cha sokoni tu, cha kununua na kushukuru. Kiswahili chake ndicho kilichowafurahisha watu. Akiingia dukani na kusema, "Kaka yangu, naomba unipatie sukari robo," mwenye duka aliwaita wengine waje wasikie.

"Mama Lugano," alimwambia, "hiyo Kiswahili yako ni ya kuhubiri. Hapa sema tu, nipe sukari."

Lugano ndiye mimi.

Nilikuwa mdogo sana Babu, baba yake Mama, alipofariki. Mama akasafiri kwenda Kyela kumzika, akaniacha na Baba, na akakaa huko hadi nikaanza kuisahau sauti yake. Aliporudi alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Akamshusha, akamlaza kitandani kwangu.

"Huyu anaitwa Atupele," alisema. "Ni mdogo wako."

Kwa Kinyakyusa jina hilo ni kusema Mungu ametupatia. Sikuuliza lolote. Nilichoelewa ni kwamba watoto huchukuliwa Tanzania na kuletwa kwa basi, kama mchele na dagaa. Imani hiyo nilikaa nayo miaka. Tumbo la Mama Kawira lilipoanza kuwa kubwa na watu wakasema anatarajia mtoto, nilimuuliza atapanda basi lini. Alicheka hadi akaweka ndoo ya maziwa chini.

Tupe, ndivyo tulivyomwita, alilala nami tangu siku ile. Alikuwa na tabia ya kunibandika nyayo zake baridi tumboni, na nikilalamika alicheka. Alikuwa na mwanya mpana kwenye meno ya juu, na akicheka aliuonyesha wote. Kwa kuwa mchana alishinda na watoto wa Mama Kawira, alikua akizungumza Kimeru kama aliyezaliwa nacho. Kiswahili cha Mama alikisikia vizuri, lakini alikijibu kwa Kimeru. Mama hakuona shida. Mimi nilikuwepo wa kutafsiri.

Kisha siku moja simu ilipigwa. Mtakumbuka simu za wakati ule, zile ndogo zenye tochi, na jinsi mtu alivyolazimika kutafuta mahali penye mtandao. Kwetu palikuwa nyuma ya choo, karibu na mparachichi. Mama aliongea pale muda mrefu kwa Kinyakyusa, mgongo umetugeukia. Akarudi ndani. Akaanza kufua mapazia. Yalikuwa safi.

Jioni wakati wa kula ndipo alipotuambia, "Bibi yenu anakuja kutusalimia. Anakuja na mama yenu mdogo, Sekela."

Baba aliendelea kula bila kuinua macho. Mimi furaha ilinipanda. Watu wa Kyela wanakuja! Na kama wanakuja, basi hawaji mikono mitupu. Nilimwambia Tupe kwamba tunaletewa mtoto, na safari hii nataka wa kiume. Tukapima kitanda, tukaona kwamba tukisogea ukutani mtoto atatosha. Tupe aliuliza kama mtoto huyo atakuwa anakojoa kitandani. Nikamwambia atafundishwa.

Walifika mchana, wamechoka, wamejaa vumbi la safari ya nchi mbili. Bibi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye macho ya upole. Mama mdogo Sekela hakuwa nilivyomtarajia. Nilidhani atakuwa mtu mzima kama Mama, kumbe alionekana kama wale dada wa kwaya ya vijana pale kanisani kwetu. Alibaki mlangoni na mizigo yake, akimwangalia Tupe.

"Shikamoo, Bibi," nilisema kama nilivyofundishwa. Tupe, ambaye hakuwahi kumsikia mtu yeyote Kanyakine akiamkiwa hivyo, alinyoosha mkono kama watu wazima wa Meru na kusema, "Sasa?"

Bibi alicheka, lakini Sekela hakucheka. Alitabasamu tu, na ndipo nikaona mwanya.

"Mama, angalia!" nilipaza sauti. "Mama mdogo ana mwanya kama wa Tupe! Ule ule!"

Nilitegemea watu wafurahi. Baba akasema, "Lugano, lete maji wageni wanawe."

Baada ya chai mizigo ilifunguliwa. Kulikuwa na mchele, na harufu yake ikajaa nyumba nzima hata kabla haujapikwa. Kulikuwa na dagaa, na kitenge cha Mama. Nikachungulia kila mfuko nikimtafuta mtoto, ingawa tayari nilishaanza kuelewa kwamba mtoto hawekwi kwenye mfuko. Mwisho Sekela alitoa gauni la rangi ya waridi lenye mkanda mweupe. Alikuwa amelishona mwenyewe. Akapiga magoti mbele ya Tupe, akamvika kichwani. Gauni likakwama mabegani. Akajaribu kuvuta mkono mmoja, kisha mwingine, uzi ukalia, na Tupe akaanza kuguna ndani ya kitambaa.

"Mvue, Sekela," Mama alisema taratibu. "Halimtoshi."

Sekela alilivua. Akalikunja mapajani mwake, akawa anaupapasa ule mkanda. "Kumbe amekua hivi," alisema. "Mimi nilikuwa nakisia tu."

Siku zilizofuata Sekela alitaka kufanya kila kitu cha Tupe. Alitaka kumwogesha, kumlisha, kumbeba kwenda kisimani. Tupe alimkimbia na kujificha nyuma ya Mama. Mimi nilifanywa mkalimani. Siku moja walikuwa wameketi kwenye nyasi, Sekela akiwa amemmenyea ndizi, na Tupe akala, kisha akasema jambo kwa Kimeru.

"Anasema nini?" Sekela aliuliza kwa hamu. "Niambie, Lugano, anasema nini?"

"Anauliza utaenda kwenu lini."

Sekela aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali jibu la haki. Akainuka, akaenda nyuma ya mparachichi, akakaa huko. Nilidhani anatafuta mtandao.

Nilichokuja kukijua ukubwani kilikuwa rahisi. Sekela alikuwa bado msichana wa sekondari alipompata Tupe. Kijana aliyehusika alitoweka. Mama, alipokwenda kumzika Babu, alimkuta mdogo wake amekonda, ameacha shule, amekaa ndani na mtoto, na akaamua pale pale. Wewe rudi shule, alimwambia. Huyu nitamlea mimi. Siku utakayotulia, njoo. Mama alikuwa mtu wa kusema maneno ya namna hiyo na kuyamaanisha. Pengine hakufikiri kwamba siku hiyo ingefika kweli. Au alifikiri, halafu Tupe akaanza kutembea, akaanza kumwita Mama, na ile siku ikasogea mbali hadi haikuonekana tena.

Sasa Sekela alikuwa ameolewa. Mumewe alimjua Tupe tangu mwanzo na alimtaka. Na Sekela alikuwa amepoteza mimba mara mbili, na daktari alishamwambia asitegemee nyingine.

Hayo sikuyajua wakati ule. Nilichosikia kilikuwa vipande, mchana mmoja nikiwa nje ya jiko naokota maparachichi. Walikuwa ndani watatu, Mama, Bibi na Sekela, na waliongea Kiswahili, maana wakikasirika walihama Kinyakyusa.

"Nimemlea na pumu yake," Mama alikuwa akisema. "Usiku wa baridi namkalisha wima kifuani hadi kukuche. Wewe unajua dawa yake inaitwaje?"

"Nitajifunza, dada."

"Utajifunzia kwake?"

"Wewe ulijifunzia kwa nani?" Sekela alisema, na sauti yake ilikatika. "Dada, sikuja kukunyang'anya. Uliniambia nikitulia nije. Nimekuja. Nikikwambia kwamba kila mwaka nashona gauni moja na sina wa kumvika, utaniamini?"

Mama akamgeukia Bibi. "Mama, sema basi."

"Nyote wawili nimewazaa mimi," Bibi alisema. "Nikisema kwa huyu, namuua yule. Mimi msiniulize."

Nilielewa kwamba wanagombea gauni. Nikaona ni ujinga, kwa sababu gauni lenyewe lilikuwa dogo.

Mama hakulala chumbani kwake siku hizo. Alihamia kwetu, akajibana kitandani katikati yetu. Baba alienda kiwandani na kurudi, akakaa nje akinoa panga lililokuwa kali tayari. Kisha Jumapili, tulipotoka kanisani, nilimwona Mama amesimama na Sekela chini ya ukuta wa kanisa, wameshikana mikono, Mama akiongea na Sekela akiitikia kwa kichwa. Hawakuwa wakigombana. Mama alikuwa akimhesabia kwa vidole: ile dawa ya pumu, kwamba Tupe hali maharage mekundu, kwamba akiogopa huvuta sikio lake la kushoto.

Mchana ule Mama aliketi barazani, akamweka Tupe katikati ya magoti yake, akaanza kumsuka.

"Tupe, Mama ni nani?"

"Ni wewe," Tupe alijibu kwa Kimeru.

"Hapana. Mama ni yule pale, mwenye sweta ya bluu. Mimi ni mama mkubwa. Haya sema, mama mkubwa."

"Mama mkubwa," Tupe alisema. Kiswahili kilikaa vizuri mdomoni mwake.

"Ehe. Na Mama ni nani?"

Tupe aligeuka akamgusa kidevu. "Wewe."

Mama alifumua msuko aliokuwa amemaliza, akaanza upya. Walirudia hivyo hadi jua likashuka. Mimi nilisikiliza kwa fahari. Nilidhani Mama amepandishwa cheo. Majuzi tu Baba alikuwa ameitwa fundi mkuu kule kiwandani, na tukachinja kuku. Sasa Mama naye ni mkubwa. Nikasubiri kuku achinjwe. Na kweli alichinjwa, wakala wageni, na Mama akasema hana njaa.

Baba alishauri wamchukue Tupe alfajiri akiwa usingizini, wakamwamshie mbele ya safari. Mama alikataa. "Hataamka mahali asiponiona bila mimi kumwambia," alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

Asubuhi Mama alimbeba mgongoni kwa ile mbeleko ya zamani, ingawa miguu ya Tupe ilikuwa mirefu na ilining'inia hadi magotini mwake. Tulishuka hadi barabara kuu wote, Mama Kawira nyuma akibeba mkungu wa ndizi za njiani. Yeye alikuwa ameelezwa asubuhi ile ile, na hakunyamaza.

"Lakini Mama Lugano, si huyu mtoto ni wa hapa? Si amekulia kwangu? Wewe ndio umelea, halafu wanakunyang'anya hivi hivi? Hiyo haiko sawa."

"Hawajaninyang'anya," Mama alisema bila kugeuka. "Ni wa Sekela."

"Na wewe je?"

Mama alikaza fundo la mbeleko.

Pale barabarani alimshusha Tupe, akachuchumaa mbele yake hadi macho yakalingana. Akamwambia kwamba anakwenda na Mama Sekela Kyela, kwenye joto ambako kifua hakitambana, na kwamba yeye, mama mkubwa, anabaki. Alisema yote kwa Kimeru. Sijui alijifunza lini maneno yale, maana hayakuwa ya sokoni. Yalikuwa na makosa, lakini yalieleweka.

Tupe hakulia. Alivuta sikio lake la kushoto. Kisha alinigeukia mimi akaniuliza kama nitamwekea nafasi yake ukutani. Nikasema nitamwekea. Basi lilipofika Bibi alipanda kwanza, halafu Sekela akiwa amembeba Tupe, na hapo ndipo Tupe alipogundua kwamba maneno yale yalikuwa ya kweli. Sauti yake niliisikia hata mlango ulipofungwa. Ilikuwa inaita Mama, na kila aliyekuwa pale barabarani aliweza kuona ni nani anayeitwa.

Tulibaki tumesimama. Mama Kawira alikuwa bado ameshika mkungu wa ndizi. Hakuna aliyekumbuka kuupandisha. Mimi nilikuwa nikiwaza. Kulikuwa na jambo halijakaa sawa kichwani mwangu, nikaona nimuulize Mama.

"Mama, wao wamechukua Tupe. Sisi tutaletewa nani?"

Mama alikaa chini. Hakutafuta jiwe wala ukingo. Alikaa tu pale kwenye vumbi la barabara, na sweta zake mbili na khanga, na Baba akaja kumshika, akashindwa kumwinua, naye akakaa. Ndipo nilipoanza kulia, kwa sababu nilielewa kwamba jibu ni hakuna.

Miaka ilipita kama inavyopita. Mwanzoni tulipiga simu kila Jumapili, kwa kadi za kukwaruza. Tupe alilia kwa Kimeru, kisha akaongea kwa Kimeru, kisha akachanganya, kisha siku moja akasema, "Shikamoo, mama mkubwa," kwa Kiswahili safi cha Kyela, na Mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akamuuliza habari za shule.

Baba alipostaafu alitaka turudi Tukuyu, kwenye shamba la baba yake. Mama alikataa katakata. Yeye aliyeichukia baridi kuliko sisi wote, ndiye aliyekataa kuondoka. "Mtoto akija kututafuta," alisema, "nyumba anayoijua ni hii." Wakanunua kipande cha shamba kwa Mama Kawira, na nyumba ile ya mbao ikawa yetu.

Na Tupe alikuja. Mwaka juzi, likizo ya chuo. Nilipanda kutoka Embu siku hiyo ili nimpokee. Alikuwa mrefu kama Bibi, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimletea Mama mchele. Alitusalimu wote kwa adabu, akaketi kwenye kiti cha wageni, akauliza choo kiko wapi. Mama Kawira alikuja mbio akimsemesha Kimeru, akimshika mashavu, na Tupe alitabasamu na kusema, "Samahani, mama, sisikii." Alipomwona Mama akihangaika jikoni alisema, "Usijisumbue, mama mkubwa, chochote kitatosha." Mama alimtazama alivyokula, kila tonge. Kulikuwa na maharage mekundu, na Tupe aliyala.

Mimi nilirudi kazini kesho yake. Tupe alikaa siku chache, kisha akaondoka. Mchana wa siku aliyoondoka Mama alinipigia simu. Aliongea mambo ya ng'ombe kwanza, na ya mvua.

"Amekunja mashuka, Lugano," alisema.

"Mashuka gani?"

"Ya kitanda chenu. Ameyakunja pembe kwa pembe, na blanketi juu yake. Amefagia hadi chini ya uvungu. Chumba kiko kama hajalala mtu."

Nilisimama pale ofisini na simu sikioni, watu wakipita. "Ni adabu tu, Mama," nilisema mwishoni. "Amelelewa vizuri."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Ndiyo," alisema. "Sekela amemlea vizuri."